Dawa za mitishamba za Kichina wakati hedhi inapokoma: zinakinga au zinaamsha magonjwa ya kinga ya mwili?

#1 Nyabo wa Walukuba (Jinja)

Habari zenu, ndugu. Katika miji yetu, kuanzia Kampala hadi Mbale, wanawake ambao hedhi yao inakaribia kukoma wanazidi kutumia dawa za mitishamba za Kichina ili kutuliza joto la ghafla, jasho la usiku na kukosa usingizi. Dada yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 52, alitumia vifurushi vya unga alivyonunua kwenye kiliniki moja kwa miezi kadhaa, na joto lilipungua kweli. Kisha vidole vya mikono yote miwili vikaanza kuvimba, na kila asubuhi hukakamaa kwa zaidi ya saa moja kabla hajaweza kushika kikombe. Daktari amemwambia kwamba huenda ni baridi yabisi ile inayotokana na kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, na ameanza kwa kumuuliza ni dawa gani alikuwa akinywa.

Muuzaji kwa upande wake anadai kinyume kabisa, kwamba huko Taiwan imeonekana kuwa wanawake wanaotumia dawa hizi katika umri huo huugua magonjwa ya namna hiyo kwa uchache kuliko wasiotumia. Ninaomba wanaojua waniambie: je, dawa hizi ndizo zilizomletea dada yangu ugonjwa, au zilikuwa zikimkinga, au hazihusiki kabisa?

#2 Mzee wa Bombo

Pole sana, binti yangu. Mimi naona jibu liko wazi. Karibu kila pakiti ya dawa hizo huandikwa kwamba inaongeza kinga ya mwili. Mtu ambaye kinga yake imeanza kuvila viungo vyake hahitaji kuongezewa kinga, anahitaji itulizwe. Isitoshe, baridi yabisi ya aina hiyo ni ugonjwa wa Wazungu; bibi zetu walizeeka na kukoma hedhi bila kuvimba vidole. Kilichobadilika ni hivyo vifurushi.

#3 Muuguzi wa Arua

Shikamoo Mzee wa Bombo. Kwa heshima zote, hilo la ugonjwa wa Wazungu si sahihi. Wagonjwa hawa wapo Uganda na tunawaona wodini. Wengi huchelewa kutambuliwa kwa sababu maumivu ya viungo hutibiwa kama malaria, kama uchovu wa jembe, au kama uzee tu. Bibi zetu walivimba vidole, ila hakuna aliyewapima damu.

Nyabo, zingatia umri wa dada kabla ya kuzingatia pakiti. Baridi yabisi hii huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na wengi huanza kuumwa kati ya miaka 40 na 60, yaani wakati uleule ambapo hedhi inakoma. Tafiti kadhaa zimehusisha pia kukoma hedhi mapema, kabla ya miaka 45, na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huu. Homoni ya estrojeni hugusa kinga ya mwili kwa njia nyingi, na inapopungua mizani hubadilika. Ndiyo sababu wanawake wengi wenye baridi yabisi hupata nafuu wakiwa wajawazito na kuumwa tena baada ya kujifungua. Hata hivyo magonjwa haya hayafuati njia moja: lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga kuushambulia mwili, ambao kati ya wagonjwa wake kumi tisa hivi ni wanawake, huanza zaidi katika umri wa kuzaa, na mara nyingi hupunguza makali baada ya hedhi kukoma. Kwa hiyo mimi nasema ni umri, na dawa imekutwa njiani.

#4 Mfamasia wa Mbale

Swali la Nyabo haliwezi kujibiwa mpaka tujue ni dawa gani, kwa sababu "dawa za Kichina" si dawa moja. Mchanganyiko unaoandikwa sana Taiwan kwa matatizo ya umri huu huitwa Jia Wei Xiao Yao San, na una mizizi na majani ya mimea kama kumi hivi, pamoja na dang gui, bai shao, chai hu, tangawizi na gan cao, ambayo ni mizizi ya susu. Huo ni tofauti kabisa na lei gong teng, mmea wenye sumu kali ambao madaktari wa China huutumia kwa makusudi kutuliza kinga ya mwili kwa wagonjwa wa baridi yabisi. Mwaka 2014 walichapisha jaribio la wagonjwa 207 lililoulinganisha na methotreksati, dawa ya hospitali ya baridi yabisi, na matokeo yake hayakuwa mabaya kwa upande wa viungo. Lakini mmea huohuo unaweza kukatisha hedhi ya mwanamke kabla ya wakati na kuharibu uzazi wa mwanamume. Kwa hiyo, Mzee wa Bombo, si kila mmea wa Kichina huongeza kinga. Baadhi huipunguza kiasi cha kutisha.

Upande wa pili, huang qi husemwa kuchangamsha kinga, na wenye lupasi hushauriwa kuuepuka. He shou wu, unaouzwa kwa ajili ya nywele na ujana, umewaumiza watu ini, na kwa baadhi yao uharibifu wa ini ulifanana na ule unaofanywa na kinga ya mwili yenyewe.

Nina maswali mawili kwako, Nyabo. Je, pakiti ina jina la mimea na namba ya usajili ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa? Na je, dada alipoanza kuinywa, alipata nafuu ya haraka isiyo ya kawaida, hamu kubwa ya chakula, na uso kujaa?

#5 Miti na Mizizi (Mukono)

Ninawashukuru, lakini ninaona mitishamba imeshahukumiwa kabla ya ushahidi kusikilizwa. Artemisinini, ambayo leo ni nguzo ya tiba ya malaria hapa kwetu, ilitokana na mmea wa Kichina, na Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2015. Bai shao aliyoitaja Mfamasia katika #4 imetolewa viini vyake vikafanywa vidonge, na China iliviidhinisha mwaka 1998 kwa ajili ya hiyohiyo baridi yabisi. Kama sehemu moja ya mchanganyiko wa wanawake hutuliza viungo, kwa nini tushangae tukiambiwa kwamba wanaoutumia Taiwan huugua kwa uchache? Mimi naona muuzaji hakudanganya.

Na kabla hamjaniletea lile jaribio la Marekani la mwaka 1997, ambapo wanawake 71 walipewa dang gui au dawa tupu isiyo na tiba ndani kwa wiki 24 na pasionekane tofauti katika joto la ghafla, kumbukeni kwamba walipewa dang gui peke yake. Hakuna mtabibu wa Kichina anayeiandika hivyo; huichanganya na mingine kulingana na hali ya mgonjwa.

#6 Binti Kisenyi

Miti na Mizizi amejibu hoja ambayo hakuna aliyeileta bado. Leo umekuja umejihami, kaka.

Nina langu. Nilipofika miaka 47 nilianza kutoka jasho, moyo kwenda mbio usiku, kukonda na kukosa usingizi. Kila mtu, kuanzia senga (shangazi) yangu hadi majirani, aliniambia ni hedhi inayotaka kukoma, na nikanywa chai za mitishamba za kila aina, za Kichina na za kwetu. Hatimaye daktari mmoja alinigusa shingo, akaagiza kipimo cha tezi, na ikaonekana kwamba kinga ya mwili ndiyo iliyokuwa inaichochea tezi yangu kufanya kazi kupita kiasi. Hedhi ilikuwa bado ipo. Ninalotaka kusema ni kwamba huenda ugonjwa wa kinga ulikuwa umeshaanza hata kabla ya dawa, na dalili zake ndizo zilizotupeleka kwa muuza dawa. Hapo dawa itaonekana kama chanzo ilhali ilifuata nyuma.

#7 Mwalimu wa Hesabu (Kasese)

Alichosema Binti Kisenyi ni kizito kuliko kinavyoonekana, na kinahusu pia hoja ya Taiwan. Taiwan ilianzisha bima ya afya ya taifa mwaka 1995, karibu kila mkazi amesajiliwa, na bima hiyo hulipia hata matibabu ya Kichina yanayotolewa na madaktari wenye leseni. Kwa hiyo watafiti wana kumbukumbu za mamilioni ya watu: nani alipewa nini, lini, na baadaye aliugua nini. Hiyo ni hazina ambayo sisi tungeitamani. Hata hivyo hapakuwa na bahati nasibu ya kuamua nani anywe na nani asinywe; wanawake walijichagulia wenyewe, na takwimu zinaweza kuwa sahihi huku hitimisho likiwa si sahihi.

Mwanamke anayemwona daktari mara kwa mara kwa ajili ya joto la ghafla ana nauli, ana muda, na pengine ni mtu anayejitunza. Huenda havuti sigara, na sigara inajulikana kuongeza hatari ya baridi yabisi. Kisha kuna mtego wa hesabu. Ili mtu aingizwe kwenye kundi la watumiaji, kwa kawaida hutakiwa awe amekusanya siku kadhaa za dawa, na katika siku hizo zote ni lazima awe hajaugua, la sivyo asingehesabiwa humo. Muda huo wa usalama hupewa dawa kama sifa yake, ilhali dawa haikuufanyia kazi. Ni sawa na kusema kwamba kusoma chuo kikuu humkinga mtoto asiache shule darasa la tano. Watafiti waangalifu hurekebisha mtego huu kwa kuanza hesabu siku moja kwa makundi yote mawili, lakini msomaji hana budi kuangalia kama kweli wamefanya hivyo.

Tena, hata tukikubali matokeo hayo jinsi yalivyo, yanahusu unga uliotengenezwa kwenye viwanda vinavyokaguliwa na kuandikwa na daktari. Hayahusu kifurushi kilichonunuliwa kwenye maduka ya Kikuubo, Kampala, bila maandishi tunayoweza kuyasoma.

#8 Nyabo wa Walukuba (Jinja)

Asanteni nyote. Ninamjibu Mfamasia wa #4. Pakiti ina maandishi ya Kichina tu na picha ya ua, na sioni namba yoyote ya usajili. Kuhusu nafuu ya haraka, ndiyo: dada alisema kwamba katika wiki ya kwanza alijisikia kama msichana, magoti yaliyokuwa yakimsumbua yakanyamaza, na akaanza kula kuliko sisi sote. Uso ulijaa, tukamsifu kwamba amenawiri. Vidole vilivimba baada ya fedha kwisha akaacha kununua. Na nikizingatia alichosema Binti Kisenyi, ni kweli kwamba alikuwa akilalamikia ganzi na ukakamavu wa mikono hata kabla ya kuanza, ingawa haukuwa mkali.

#9 Mfamasia wa Mbale

Maelezo hayo yananitia wasiwasi mkubwa. Ni jambo linalojulikana katika nchi nyingi kwamba baadhi ya dawa zinazouzwa kama mitishamba ya viungo huchanganywa kwa siri na dawa za hospitali: steroidi kama deksamethasoni na prednisoloni, au diklofenaki ya kutuliza maumivu. Nguvu ya steroidi juu ya viungo si mpya: Philip Hench na wenzake walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1950 baada ya kuonyesha jinsi kotisoni, ambayo ni steroidi, inavyowainua wagonjwa wa baridi yabisi waliokuwa hawawezi kutembea. Steroidi hutuliza kinga ya mwili, hamu ya chakula hupanda, uso hujaa, na mtumiaji huamini kwamba mmea umemponya. Anapoacha, ugonjwa uliokuwa umefunikwa hujitokeza wazi, na mara nyingine kwa makali zaidi. Kwa maelezo haya, kifurushi hakikuuleta ugonjwa wala hakikuukinga, kiliuficha.

Ninasisitiza jambo moja kwa yeyote anayesoma akiwa bado anatumia vifurushi vya aina hiyo kwa muda mrefu: usiache ghafla bila kumwona daktari, kwa sababu tezi zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe huwa zimelala, na kuacha ghafla kunaweza kuhatarisha maisha. Nyabo, mpeleke dada hospitali na pakiti yenyewe mkononi, apimwe shinikizo la damu na sukari, kisha pakiti iripotiwe kwa Mamlaka ya Taifa ya Dawa ili ichunguzwe.

#10 Mzee wa Bombo

Mfamasia amenifungua macho, maana mimi nilidhani uovu uko kwenye mmea, kumbe unaweza kuwa kwenye mkono wa anayefunga pakiti. Ninauliza tu: je, emmumbwa, zile dawa za mimea na udongo wanazotumia akina mama wa Buganda, nazo zina hatari kama hii, au tunawaandama Wachina peke yao?

#11 Binti Kisenyi

Mzee wangu, ukiwagusa jajja (bibi) zetu na emmumbwa zao utafute pa kulala leo. Lakini swali ni la haki. Anayeponda mimea na udongo kwa mikono yake mwenyewe, ukimjua kwa jina na nyumba yake, ana sababu chache za kutia deksamethasoni kuliko anayeuza maelfu ya pakiti kwa watu asiowafahamu. Hilo halimaanishi kwamba mmea wenyewe ni salama.

#12 Hekima wa Entebbe

Ninakubaliana na sentensi ya mwisho ya #11, na ningependa tuache kudhani kwamba hatari ni ya kinga ya mwili pekee. Kati ya mwaka 1990 na 1992, kwenye kiliniki moja ya kupunguza unene nchini Ubelgiji, wanawake walipewa mitishamba ya Kichina ambamo mmea uitwao fang ji ulikuwa umebadilishwa kwa mwingine wenye jina linalofanana, guang fang ji, ambao una asidi ya aristolokia. Zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo, wengine wakahitaji kupandikizwa figo mpya, na baadaye saratani ya njia ya mkojo ikaonekana kwa baadhi yao. Hapakuwa na steroidi wala ulaghai wa kemikali. Yalikuwa majina mawili yaliyokaribiana.

Susu nayo, ambayo watu huiona kama kitu cha kutia utamu tu, ikitumika kwa wingi hupandisha shinikizo la damu na kushusha madini ya potasiamu. Mama wa miaka 52 mwenye presha asinywe mchanganyiko wenye susu kila siku bila kupimwa.

#13 Msafiri wa Gulu

Mbona hakuna aliyetaja mbu? Homa ya o'nyong-nyong ilitambuliwa kwanza huku kwetu kaskazini mwa Uganda mwaka 1959, na mlipuko ule uliwapata watu wapatao milioni mbili wa Afrika Mashariki. Binamu yake, chikungunya, ilitambuliwa kusini mwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950, na huacha maumivu ya viungo yanayoweza kudumu miezi na hata miaka, mikono yote miwili, asubuhi ikiwa mbaya zaidi. Kabla ya kumpa mtu jina la ugonjwa wa maisha, ulizeni kama alipata homa na vipele wiki chache kabla. Nimeshuhudia ndugu yangu akiitwa mgonjwa wa baridi yabisi, kisha viungo vikanyamaza vyenyewe.

#14 Muuguzi wa Arua

Hoja nzuri, kaka Msafiri, na daktari makini huiuliza. Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi. Kile kipimo cha zamani cha damu cha baridi yabisi kinaweza kuonyesha ugonjwa kwa mtu mwenye homa ya ini au kifua kikuu. Kipimo kipya zaidi, kinachotafuta kingamwili (silaha za kinga ya mwili) dhidi ya protini zenye sitrulini, hakidanganyi kirahisi hivyo. Kingamwili hizo zinaweza kuwapo kwenye damu miaka kadhaa kabla ya kidole cha kwanza kuvimba. Dada akikutwa nazo, itakuwa vigumu kuulaumu unga wa miezi michache kwamba ndio ulioanzisha kila kitu.

Na kama ni ugonjwa huo kweli, miezi ya mwanzo ina thamani kubwa, maana kiungo kilicholiwa hakirudi. Asikae akijaribu pakiti nyingine.

#15 Miti na Mizizi (Mukono)

Nimezisoma zote kwa makini. Ninamuunga mkono Mfamasia kuhusu ulaghai, na ndiyo sababu sisi watabibu tulio waaminifu tuliipokea vizuri sheria ya tiba asilia na tiba mbadala ya mwaka 2019, ili mwenye kutia vidonge kwenye unga asijiite mwenzetu. Lakini ninamwambia Mwalimu wa #7 kwamba kanuni yake ikate pande zote mbili. Kama hatuwezi kusema dawa inakinga kwa sababu wanawake walijichagulia, basi hatuwezi pia kusema inaleta ugonjwa kwa kuwa mwanamke mmoja, au kumi, waliugua baada ya kuinywa.

#16 Mwalimu wa Hesabu (Kasese)

Kabisa, na sijasema vinginevyo. Ugonjwa unaoanza zaidi katika umri fulani utawapata wanywaji wengi wa dawa yoyote inayotumika katika umri huohuo, hata kama dawa hiyo ni maji. Tofauti ninayoiona ni kwamba anayeuza ndiye aliyetangulia kudai.

#17 Mama Kevin (Tororo)

Samahani kwa kuingia katikati. Mimi nina miaka 50, ninatumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi kwa muda mrefu na hali yangu ni nzuri. Joto la ghafla linanitesa, na nimeshanunua mchanganyiko wenye dang gui, wenye jina la mimea na maelezo kamili. Sijaufungua. Je, haya mliyoyajadili yananihusu?

#18 Mfamasia wa Mbale

Yanakuhusu, mama, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kufungua. Mimea kadhaa hubadilisha kasi ya ini katika kuvunja dawa, na dawa zako zikishuka kwenye damu, virusi vinaweza kuzoea. Dang gui yenyewe inajulikana zaidi kwa kuongeza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na kusababisha kutokwa damu, kwa hiyo mwambie daktari kama unatumia dawa yoyote ya kuyeyusha damu. Ipeleke pakiti kwenye kiliniki yako siku ya kuchukua dawa, uwaonyeshe orodha ya mimea, na uwaombe wakupime tezi ya shingo pia, kwa sababu ile aliyoieleza Binti Kisenyi katika #6. Zipo dawa za hospitali za kupunguza joto hilo ambazo wanaweza kukuchagulia wakijua unazotumia tayari.

#19 Mama Kevin (Tororo)

Asante, musawo (daktari). Kiliniki ni Alhamisi. Nitaibeba.